SOMO: Kuku wa mbegu safi, uchukue kwenye kiwanda cha vifaranga au kwa mfugaji wa mbegu?

Habari za saizi wadau. Hili swali linarudi rudi sana na majibu mengi yanakuwa ya ushabiki, huyu anasema viwanda vya kutotolesha vinauza takataka, yule anasema wafugaji wa mbegu wanaringa na bei zao. Mimi nimenunua kote kuwili na kote nimeumia kidogo, kwaiyo naandika ninavyofanya siku hizi hatua kwa hatua. Ninachotafuta kwanza ni wazazi wa kifaranga, jina la mbegu linakuja baadaye kabisa.

Hatua ya 1: Kuku ni wa kazi gani?

Kama unataka mayai ya nyumbani tu, nenda kiwandani na wala usihangaike na mbegu safi, chotara wa mayai atawapita karibu wote. Ila ujue ukizalisha hao chotara watoto hawatoki kama mama zao. Mfano kuna wale wanaopatikana kwa jogoo wa Rhode Island Red na matetea wa Plymouth Rock wenye mistari, vifaranga madume wanatoka na doa jeupe kichwani na majike hawana, unatenganisha siku ya kwanza bila shida yoyote. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe ile alama haikusaidii tena na rangi zinavurugika. Wanaotaka kuendeleza mbegu au kupeleka kuku kwenye maonyesho, endeleeni kusoma.

Hatua ya 2: Soma kiwango cha mbegu kabla hujaona kuku

Mbegu zinazotambulika zina maelezo yaliyoandikwa, Waingereza walitoa kitabu chao cha kwanza cha viwango 1865, Wamarekani 1874, na mpaka leo vinarekebishwa. Mle utakuta uzito, umbo la kilemba, rangi ya miguu, idadi ya vidole. Silkie lazima awe na vidole vitano na ngozi nyeusi. Sussex miguu yake myeupe. Nasema usome kabla maana ukishamuona kifaranga ukampenda, macho hayaoni kasoro tena, nimejithibitishia hilo mwenyewe zaidi ya mara moja.

Mtego mkubwa ni wale wa mayai ya bluu. Araucana wa viwango vya Marekani hana mkia na ana vishungi masikioni, Ameraucana ana mkia na ndevu, na wote mayai yao ni bluu. Halafu kuna Easter Egger ambaye ni mchanganyiko tu, anaweza kutaga bluu, kijani au hata kahawia, na huyu ndo anauzwa sana kwa jina la Ameraucana, saa ingine wanabadilisha herufi moja mbili tu. Sio kuku mbaya jamani, ila ukimlipia bei ya mbegu safi umepunjwa.

Hatua ya 3: Elewa kiwanda kinafanyaje kazi

Kiwanda kinaweka majogoo wengi na matetea wengi banda moja, na kinachochaguliwa pale ni mayai mengi na mayai yenye mbegu ya jogoo yanayoanguliwa, basi. Hakuna mtu anasimama kuangalia upana wa mgongo. Vizazi vikipita kadhaa kuku anabaki na jina na rangi lakini umbo limeondoka. Orpington wangu wa kwanza walikuwa wa kiwandani, walitaga vizuri mno siwezi kuwalaumu, ila walipofika mwaka walikuwa wembamba wana mkia mrefu, ukiwaweka pembeni ya Orpington mwenyewe unaona kabisa hawa sio ndugu.

Faida zake ni za kweli pia. Mbegu nyingi kwa oda moja, tarehe inajulikana, majike wanatenganishwa (makosa yapo, usishangae jogoo mmoja kuwika) na wanachanjwa mahepe, yaani ugonjwa wa Marek, siku ile ile wanayoanguliwa. Chanjo hii huwa inakuja kwenye vichupa vya dozi nyingi, mara nyingi 1000, na ukishaichanganya inatakiwa iishe ndani ya saa moja au mbili, ndo maana mfugaji mwenye vifaranga 30 anaiacha. Usafiri nao usikutishe sana, kifaranga anaanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni kinachoweza kumbeba mpaka kama saa 72.

Hatua ya 4: Mhoji mfugaji wa mbegu

Hapa ndo tumieni muda. Kuna watu wanajiita wafugaji wa mbegu kumbe walinunua vifaranga kiwandani mwaka jana na sasa wanauza watoto wake kwa bei mara tatu. Muulize alianza na kuku wa nani na ana miaka mingapi nao. Muulize ana majogoo wangapi, na anawapangaje ili baba asipande watoto wake kila msimu, maana damu ikibana sana mayai hayaanguliwi na vifaranga wanatoka dhaifu. Muulize kati ya kuku kumi anaowalea anabakiza wangapi wa kuzalisha. Anayebakiza wote kumi hachagui, anazidisha tu.

Swali langu ninalolipenda ni hili: saizi unapambana na kasoro gani? Mfugaji wa kweli atakuchosha kwa maelezo, atakwambia vidole vimepinda kwenye ukoo huu, kilemba kinalala kwenye ule, jogoo yule mgongo mfupi nimempa matetea wa mgongo mrefu. Anayekwambia hakuna kasoro, shukuru uondoke.

La mwisho uliza vipimo vya pulorum (ile kuharisha nyeupe) na mycoplasma (ugonjwa wa njia ya hewa), haya yanapita kutoka kwa mama kwenda kwa kifaranga ndani ya yai. Mimi sikuuliza. Nilichukua vifaranga wazuri sana kwa mfugaji mmoja, wiki ya tatu wakaanza kukoroma na macho kuvimba, na kwa vile nilikuwa nimewaweka karibu na wakubwa, wakubwa nao wakapata. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Hatua ya 5: Kaone, halafu ndo ulipe

Omba kuona matetea wa miaka mitatu na kuendelea, kama wanatembea vizuri na bado wanataga hiyo ni damu nzuri. Akikukataza kuingia bandani kwa kuogopa magonjwa usikasirike, ni dalili nzuri, mwambie akutumie video ya wazazi. Ukichukua mayai yaliyosafirishwa yaache yatulie saa 24, ncha iliyochongoka iangalie chini, na usitegemee yaanguliwe kama ya nyumbani. Kwa anayeanza naona bora uchukue jogoo mmoja na matetea wawili waliokwisha kukua, unaona unachonunua.

MASWALI YA WADAU

Mama Vifaranga: Nilinunua Orpington wa bluu, jogoo na matetea wote bluu. Vifaranga wengine wametoka weusi na wengine weupe wenye madoa. Nimeibiwa?

*Hapana mama, hujaibiwa. Bluu kwa bluu wastani inatoa nusu bluu, robo weusi, robo hao wa madoa. Ukitaka bluu watupu panda mweusi na huyo wa madoa.*

mfugaji_mpya: Mkuu naweza kuanza na wa kiwandani nikaboresha mwenyewe?

*Unaweza ila ni kazi ya miaka. Chukua wengi, wakuze wote mpaka wakomae, bakiza wachache wanaokaribia kiwango, halafu tafuta jogoo mzuri kwa mfugaji. Jogoo mmoja anagusa vifaranga wote wa msimu kwaiyo hela nyingi iende kwake.*

Kilemba: Kwanini wafugaji wengi hawakubali kuuza majike peke yake wakiwa wadogo?

*Mbegu nyingi hutambui jinsia mpaka wiki kadhaa, na kutazama nyuma ya kifaranga ni ujuzi wa watu wachache. Jiandae nusu wawe majogoo.*

tetea_mweusi: Nimepata 10 wa kiwandani wamechanjwa mahepe na 8 kwa mfugaji hawajachanjwa, wote wa siku mbili, nimewaweka bruda moja (sehemu ya joto ya kulelea vifaranga). Kuna shida?

*Watenganishe leo dada. Chanjo ya mahepe inamkinga kuku asiugue lakini haimzuii kubeba kirusi na kukitoa, kwaiyo hao 8 ndo wako hatarini. Na wale wa mfugaji hujajua wamebeba nini. Bruda mbili, kila moja joto nyuzi 35 wiki ya kwanza kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki, vyombo tofauti, na uanze kuhudumia wa kiwandani kwanza. Fanya hivyo siku 30.*

tetea_mweusi: Asante mkuu, sina taa ya pili ila naazima kwa jirani jioni hii.

*Sawa. Kabla hujaiazima muulize kama kwake kuna kuku mgonjwa, na uifute kwa dawa.*