Ukirudi Moshi Watakuita Daktari: Kazi na Sifa za EMT kwa Walioko Ughaibuni

Asubuhi ya pili tangu nifike Kiboriloni kwa mama, shangazi alikuja na mfuko wa rambo umejaa vidonge.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba daktari wangu. Hebu niangalizie hizi za presha, ipi ninywe na ipi niache."

Nikamwambia mimi si daktari. Akacheka, akamgeukia mama: mtoto wako ana adabu sana. Nilitumia kama dakika 20 kumweleza kwamba huko Ohio kazi yangu ni kuwafuata wagonjwa kwa ambulensi. Alisikiliza yote, kisha akahitimisha: "Kumbe wewe ni dereva."

EMT (Emergency Medical Technician, mhudumu wa dharura wa kwenye ambulensi) anaishi hapo katikati, kati ya dereva na daktari, na karibu maswali yote ninayoulizwa na Watanzania na Wakenya walioko nje yanatoka hapo. Wapo wanaotaka kuianza kazi hii huko huko waliko. Wapo walioisomea tayari, na sasa wanafunga mizigo kurudi Moshi au Arusha wakidhani cheti kitafanya kazi kule kama kilivyofanya Columbus au Minneapolis. Nawaandikia wote wawili.

Kazi yenyewe

Marekani simu ikiingia 911, namba ya dharura, anayeipokea huuliza maswali yake na kutuma gari, na kwenye gari mara nyingi mko wawili. Mkifika, hamkimbilii mgonjwa. Mnatazama kwanza mahali: kuna waya wa umeme chini? Magari bado yanapita? Kuna mtu ameshika kisu? Mwalimu wangu alikuwa akisema EMT akigongwa na gari amewaongezea wenzake kazi tu. Kwetu sisi tuliozoea ajali ya barabarani kuzungukwa na kijiji kizima ndani ya dakika mbili, hili ndilo somo gumu kuliko yote.

Kisha ni damu inayomwagika, njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kwa mpangilio huo. Mtu mzima akiwa ametulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika; ukihesabu 34 unajua huna muda wa hadithi. Moyo ukisimama, unakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwenzako akiandaa mashine ya kustua moyo. Unatoa oksijeni, unafunga banzi kwenye mfupa uliovunjika, unakaza mkanda upande wa juu wa jeraha linalorusha damu na kuandika saa uliyoukaza, unazalisha mama aliyeshindwa kufika hospitali. Dawa ulizoruhusiwa ni chache: aspirini ya kutafuna kwa mwenye maumivu ya kifua, glukosi ya kupaka mdomoni kwa mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka na bado anaweza kumeza, sindano ya epinefrini kwa aliyevimba kwa mzio, naloksoni kwa aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni.

Hapo ndipo unapoishia. Majimbo mengi hayamruhusu EMT wa ngazi ya kwanza kuweka dripu. Huingizi mpira kwenye koo la mgonjwa, hushoni jeraha, humwambii mtu "una ugonjwa fulani". Hayo mengine ni ya paramediki, aliyesoma saa 1,200 na zaidi, au ya hospitali. Hata kidogo unachofanya unakifanya chini ya maelekezo yaliyosainiwa na daktari msimamizi wa huduma yenu.

Kuna sehemu ambayo hakuna anayeiweka kwenye picha za WhatsApp. Zamu zangu za mwanzo karibu zote zilikuwa za kuwapeleka wazee wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha. Unainua, unashusha, unaandika ripoti, unainua tena. Mgongo ndio mtaji. Na ripoti ni kazi kamili: usichokiandika, mwanasheria atakuambia hukukifanya.

Nakuongezea moja ambayo kozi nyingi zinaipita haraka. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa Marekani kufundishwa kutibu ndani ya gari, badala ya kumbeba mtu tu, walikuwa vijana weusi wa mtaa wa Hill District, Pittsburgh, wa Freedom House Ambulance Service, iliyoanzishwa mwaka 1967. Mtaala ulioandikwa na daktari wao, Nancy Caroline, ndio uliokuja kuwa msingi wa mafunzo ya paramediki nchi nzima. Siku utakayoambiwa kwa macho kwamba hufanani na watu wa kazi hii, ukumbuke hilo.

Sifa, na vikwazo vinavyotukuta sisi

Kozi ya EMT ni fupi. Ni kati ya saa 120 na 190 kutegemea jimbo na chuo, na vyuo vya jamii vingi huimaliza kwa muhula mmoja, jioni na Jumamosi. Kwa kawaida uwe na miaka 18, cheti cha kumaliza sekondari, na cheti cha CPR (kumfufua mtu ambaye moyo umesimama) cha ngazi ya watoa huduma za afya. Cheti chako cha kidato cha nne au cha sita kinaweza kuhitaji kutathminiwa na taasisi kama WES kabla chuo hakijakitambua, kwa hiyo omba uthibitisho wa matokeo kutoka NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, mapema. Nimeona watu wakikosa muhula kwa sababu karatasi ilikuwa bado Dar.

Baada ya kozi kuna mtihani wa National Registry, NREMT, bodi iliyoanzishwa mwaka 1970 na yenye makao Columbus. Ni wa kompyuta, wa Kiingereza, maswali 70 hadi 120 ndani ya saa mbili, na kompyuta inakupa swali gumu zaidi kila unapopata. Usihofu ukiona yanazidi kuwa mabaya. Mara nyingi ni dalili njema. Ukianguka mara tatu unarudi darasani kwa kozi ya marudio kabla ya kujaribu tena. Ukifaulu bado huna ruhusa ya kufanya kazi: leseni hutolewa na jimbo, na jimbo litachukua alama za vidole na kuchunguza kama una kesi. Mwajiri naye ataangalia rekodi yako ya udereva. Cheti cha NREMT unakihuisha kila miaka miwili kwa saa 40 za mafunzo.

Vibali vya uhamiaji ndivyo vinavyowaumiza wengi. Mwenye viza ya mwanafunzi anaweza kusoma kozi hii, lakini kuifanya kwa mshahara nje ya chuo bila idhini ni kuchezea viza yake. Usimsikilize rafiki anayekuambia "wao hawaangalii".

Kipimo cha kifua kikuu nacho kina mtego wake. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna ugonjwa. Mimi nilizuiwa wiki tatu kuanza mafunzo ya vitendo kwa uvimbe wa mkononi tu. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, na ubebe kumbukumbu za chanjo ya homa ya ini aina B.

Mshahara? Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za 2024, EMT wa katikati alipata karibu dola 41,000 kwa mwaka, paramediki karibu 58,000. Kodi ya nyumba ukishailipa utaelewa kwa nini wenzangu wengi wanaitumia kazi hii kama ngazi ya kwenda uuguzi. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Walioko Uingereza wajue mambo ni tofauti. Jina "paramedic" linalindwa na sheria, huwezi kulitumia bila kusajiliwa na HCPC, baraza la huko linalosajili wataalamu wa afya, na tangu 2021 anayeingia upya anatakiwa awe na shahada. Njia ya chini ni kuanza kama msaidizi wa huduma za dharura kwenye ambulensi, na kwa kawaida wataitaka leseni ya udereva ya daraja C1.

Sasa Moshi

Tanzania anayetibu ni aliyesajiliwa: daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Leseni ya EMT ya Ohio haikuingizi kwenye daftari lolote kati ya hayo mawili. Ukijitokeza hospitali ya KCMC au Mount Meru na kadi yako ukitarajia kuvaa glavu, utakaribishwa chai. Anayetaka kuendelea na masomo nyumbani apeleke vyeti vya chuo kikuu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vya ngazi ya kati NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi).

Kinachovuka mpaka ni mikono. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Watatu walionusurika walifikiwa mapema na Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakipita njia hiyo, na baadaye wakasafirishwa kutibiwa Sioux City, Iowa. Barabara yetu ya Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi kupitia Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru, unaijua mwenyewe ilivyo Desemba. Ukikuta ajali, fanya ulichofundishwa kwa kiwango cha huduma ya kwanza: zuia magari, zuia damu, fungua njia ya hewa, zuia watu wasimvute majeruhi kwa miguu. Hospitali itahitaji fomu ya PF3 ya polisi, kwa hiyo mtume ndugu mmoja kituoni wakati majeruhi yuko njiani. Msiende wote.

Kwa anayetaka kazi hasa, mlango ulio wazi zaidi huku ni mlima. Kampuni za kupandisha watalii Kilimanjaro zinapenda waongozaji wenye kozi ya Wilderness First Responder, ya saa 70 hadi 80, na ujuzi wa EMT ni msingi mzuri wa kuwafundisha. Tatizo la kuogopwa zaidi kule juu, mita 5,895, ni mapafu au ubongo kujaa maji kwa sababu ya mwinuko, na tiba kuu ni ile ile siku zote: mshushe, usingoje asubuhi. Anashuka kwa machela ya gurudumu moja, na wanaomkimbiza ni wagumu na hodari kuliko mimi. Nimewafundisha kuhesabu pumzi. Wao wamenifundisha kutembea.

Na wewe uliyeko Minneapolis ukiwaza mzazi aliyeko Kibosho peke yake, usimpe moyo wa 911. Namba 115 bila malipo ni ya mpango wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, pamoja na madereva wa mitaani wanaolipwa kwa M-Pesa pale ambulensi inapokosekana. Mwandikie dada yako mjamzito aijue leo. Kwa mzee aliyepooza ghafla upande mmoja, ambulensi ni jirani mwenye gari. Mlipe mafuta ya akiba kabla hajahitajika, mkubaliane ni hospitali gani, na mwelekezo uandikwe kwa alama: kanisa, daraja, duka la nani, kwa kuwa nyumba hazina namba. Weka kadi ya bima na orodha ya dawa kwenye bahasha moja mlangoni. Ukiwa na uwezo, Amref Flying Doctors wanauza uanachama wa mwaka wa kusafirishwa kwa ndege. Wazo la kuanzisha huduma ile lilizaliwa huku huku chini ya Kilimanjaro miaka ya 1950.

Safari hii nilibeba glavu, barakoa ya kupulizia hewa, mikanda miwili ya kuzuia damu na kipima presha cha mkono. Jumapili baada ya ibada nilikaa na vijana wa bodaboda wa pale sokoni, tukafanyia mazoezi gunia la mahindi mpaka likapasuka, na mikanda nikawaachia. Shangazi nilimpeleka hospitali ya Mawenzi na mfuko wake wa rambo. Daktari mwenye usajili akabakiza vidonge vya aina mbili tu. Kipima presha nilimfundisha mama, asubuhi na jioni, aandike kwenye daftari. Jana nimekikuta kabatini, kimefungwa kitambaa, juu ya sahani za wageni, kisije kikaharibika.