Mzinga wa nyuma ya nyumba: usimame sawa, usiyumbe

Nyuki hujenga sega likining'inia wima kuelekea chini, hata kama mzinga umeinama. Hapo ndipo matatizo huanzia. Mzinga wa viunzi (pau za mbao za juu ambako masega huning'inia) wenye urefu wa mita 1 ukishuka sentimita 5 mwisho mmoja, sega la kina cha sentimita 30 litakuwa limehama sentimita 1.5 kwa chini, karibu nusu ya upana wa kiunzi (sentimita 3.2 hivi). Kila sega linaegemea upande wa jirani yake na la mwisho linagandishwa ukutani. Ukivuta kiunzi, asali na majana (watoto wa nyuki) vinachanika. Mzinga ukilalia ubavu, masega hugandishwa kwenye ubavu huo.

Mzinga wa fremu, ambao kila sega lina mbao pande zote, una nafuu kidogo: fremu zikielekea mlangoni, mbele pakishuka sentimita 1 hadi 2 maji ya mvua yanatoka na sega haliharibiki. Ubavu kwa ubavu, usikubali hata kidogo.

Nguzo za kubeba mzinga zifukiwe Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Chimba sentimita 60. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama wa Igunga mkoani Tabora, ongeza hadi 80, kwa sababu udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo huhama nao. Rudishia udongo kidogo kidogo ukishindilia kila tabaka. Kwenye kichanga weka kokoto na saruji. Sehemu itakayofukiwa ipakwe oili chafu, maana mchwa hula nguzo kwa chini na juu huoni dalili yoyote mpaka inalala. Kumbuka mzinga uliojaa unaweza kufika kilo 40.

Ukiuning'iniza, tumia waya mnene wa mabati kwenye pembe zote nne, mzinga ukae usawa wa kiuno. Waya mbili tu za katikati hazitoshi: upepo unauzungusha, na nyuki wetu wakitikiswa hushambulia. Kwa hiyo mbuzi asifungwe karibu, na watoto wawe na njia nyingine ya kupita. Paka grisi kwenye waya kuzuia siafu. Nguzo zivishwe bati ili nyegere, mnyama mwizi wa asali, ateleze.

Pima kwa pimamaji, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, kabla kundi halijaingia. Huna? Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, wa mafundi ujenzi, unafaa sana. Hakikisha tu hauna mapovu ndani.

Rudia kupima baada ya mvua kubwa za kwanza, na tena asali inapoongezeka, kwani waya hulegea. Kama nyuki wamo, rekebisha jioni, moshi kidogo, ukikaza waya taratibu. Masega yaliyokwisha kugandishwa ukutani yaachanishe kwanza, kisu kikitoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushuka, msukumo wa kisu unaling'oa sega kwenye kiunzi.