Kabla ya kulipa advansi ya nyumba Dar es Salaam

Nyumba mbili zilizopakana Tabata, vyumba sawa na uzio sawa, zinaweza kupishana bei kwa mamilioni kwa sababu ya karatasi tu. Moja ina hati miliki. Nyingine ina leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Yenye hati inakubalika benki kirahisi, hivyo wanunuzi wake ni wengi. Isiyo na hati humsubiri mwenye fedha taslimu, naye anajua kubana. Kwa hiyo dalali akikutajia bei aliyouza jirani, muulize kwanza jirani huyo aliuza kwa karatasi gani.

Pata nakala ya hati, kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi hutaja mmiliki aliyesajiliwa, rehani na zuio kama lipo. Hautakuonyesha ukuta uliovuka mpaka: hiyo ni kazi ya mpima, anayelinganisha mawe ya mpaka na ramani iliyo kwenye hati. Soma pia muda. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028. Nyumba ikiwa karibu na barabara kuu, pima hifadhi ya barabara: sheria ya mwaka 2007 iliitoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Karibu na mto, hesabu mita 60 za hifadhi. Waliobomolewa nyumba Kimara mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro wengi walikuwa na majengo mazuri tu.

Mauziano mengi huvunjikia kwenye familia. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja, na anayesema hana mwenza aape mbele ya wakili. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa mwenye funguo si msimamizi. Warithi nao waandike kuwa wamekubali, maana anayekuja kupinga baadaye mara nyingi ni yule aliyekuwa mkoani siku ya kikao.

Muuzaji alipe madeni ya kodi ya ardhi mapema na akusanye risiti za kiwanja, saruji, mabati na mafundi. Kodi ya mauzo ya nyumba kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida: nyumba iliyokugharimu milioni 90 ukaiuza milioni 150 inadaiwa milioni 6. Asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa thamani ya mali, siyo kwa faida. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii, maana uhamisho wa umiliki unahitaji taarifa ya uthamini. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, ni wa mnunuzi. Wauzaji wengi husema “nataka changu mkononi”, wakimaanisha kodi zote zimwangukie mnunuzi. Kama ndivyo, bei halisi si ile iliyotajwa, na mjadili bei upya.

Dalali naye apangiwe malipo kabla ya kuonyesha nyumba. Wakiwa watatu kwenye mnyororo mmoja, kila mmoja anaweka cha juu chake, kwa hiyo sisitiza kukutana na mwenye nyumba ana kwa ana.

Usilipe yote siku ya kusaini. Lipa sehemu kwa benki, kwa jina lilelile lililo kwenye hati, na mkataba useme salio litatoka uhamisho ukiidhinishwa na advansi itarudi vipi ukikwama. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, yaani za taarifa, maombi ya kibali na uhamisho wenyewe, zisainiwe mbele ya wakili siku hiyohiyo, pamoja na ridhaa ya mwenza, ili muuzaji asianze kutafutwa baadaye. Wapangaji waliolipa kodi ya miezi sita mbele watajwe kwa tarehe. Mita ya LUKU ijaribiwe kwa kununua umeme kidogo: deni lililofichwa hukatwa papo hapo.