Somo: Mume aliyekwisha kumpiga mkewe aanzie wapi kubadilika?

Assalaam aleykum. Mimi ni msaidizi wa sheria huku Wete. Kesi za udhalilishaji huletwa zaidi na wanawake, lakini siku hizi na waume nao wanakuja, wengi wakitaka nizungumze na wakwe ili mke arudi. Hilo leo tuliache. Somo hili ni la mtu anayetaka kuacha kupiga na kutisha, mke arudi asirudi.

Kwanza kabisa, ukiona leo nyumbani patachafuka, ondoka wewe. Nenda kalale kwa kaka yako. Usiwatoe mke na watoto usiku.

Hatua ya 1: Andika ulichofanya

Nunua daftari la skuli. Wengi huanza hivi: "Tulikorofishana, shetani akanipitia, mkono ukanitoka." Soma tena, humo hamna mtu aliyempiga mtu. Sasa andika kama ungekuwa shahidi mahkamani:

"Juzi baada ya Isha aliniuliza pesa ya karafuu iko wapi. Nilitia komeo mlango. Nilimshika juu ya kiwiko nikakaza mpaka akasema basi. Mtoto mkubwa alikuwa kashika pazia, anatazama."

Chini yake jibu swali moja: nilikuwa nataka nini? Hapa ndipo watu wanapokaa muda mrefu kalamu mkononi. Mwenye ukurasa kama huo akijisema kweli ataandika: nilitaka asiniulize tena. Na kweli, hakuuliza tena. Alipata alichokitaka, na ndiyo maana mara ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Hatua ya 2: Usiitupie hasira mzigo wote

Tajiri wako anakutolea maneno mbele za watu, unameza mate unarudi kazini. Kumbe kujizuia unakujua. Tunafundishwa kwamba aliyeghadhibika akiwa amesimama akae, na hilo lifanye, litakuokoa usiku mmoja. Lakini kuna wanaume wanaopiga bila hasira yoyote, kwa utulivu kabisa, kwa kuwa wanaamini nyumba ni yao na neno ni lao. Imani hiyo huishushi kwa kuvuta pumzi.

Hatua ya 3: Lisome gurudumu

Mwaka 1984, katika mji wa Duluth, Marekani, wanawake waliopigwa waliulizwa wanaishi vipi na waume zao. Majibu yao yakachorwa kama gurudumu: katikati mamlaka, ukingoni kipigo na kulazimishwa kitandani, na baina yake vijiti vinane. Kutisha. Kumvunja moyo. Kumtenga na jamaa zake. Kujifanya hakikutokea kitu, au kumtupia yeye lawama. Kuwatumia watoto. Kujifanya bwana. Kumfungia pesa. Kumlazimisha kwa vitisho, na hapa kwetu ongeza cha talaka: "Nitakuandikia sasa hivi!"

Chora gurudumu lako, na kila kijiti kiandikie mfano wako mwenyewe. Yuko aliyeacha kupiga akabaki kushika simu ya mke na kuhesabu dakika zake sokoni. Huyo bado hajabadilika, kabadili silaha tu.

Hatua ya 4: Usijifunze peke yako

California, sheria humtaka aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenziwe, akaachiwa nje chini ya uangalizi, ahudhurie darasa wiki 52. Tafiti za madarasa ya namna hiyo zimetoa majibu mchanganyiko, kwa hiyo asikudanganye mtu na semina ya siku mbili yenye chai na vitumbua. Kampala walikwenda njia nyengine: mradi wa SASA! uliingia mitaani na kuzungumza na majirani wote, wake kwa waume, na utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kipigo cha wenza kimepungua kwa asilimia 52 ukilinganisha na mitaa isiyofikiwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayotufaa sisi watu wa barza. Tafuta wanaume wawili watatu na maalim asiye jamaa yako, watu watakaokwambia "hapo umedhulumu" bila ya kukuonea haya. Mke asiwe mwalimu wako.

Hatua ya 5: Rudisha ulichoharibu

Lipa dawa. Rudisha simu. Na wale wazee uliowaambia kuwa alikuchokoza, rudi kwao ukaseme kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama, Mkoani:* Mume wangu kaja kwa wazee wangu na daftari mkononi, analia. Wazee wanasema nirudi, mwanamume kujidhalilisha vile si kidogo. Nifanyeje?

*Jibu:* Pole dada yangu. Daftari ni lake, si mahari ya pili. Chozi lisikupe haraka. Mpe jambo dogo ambalo jibu lako ni hapana: mwambie hutorudi kabla ya skuli kufungwa. Akikubali na akaendelea kutuma matumizi, hiyo ni dalili. Akianza kununa, au kumtuma shangazi, hiyo nayo ni dalili. Urudi usirudi, shauri ni lako. Weka vyeti na nguo mbili kwa mtu unayemwamini, na ukijisikia huna salama nenda Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwahudumia waliodhalilishwa, hospitali ya Chake Chake, au dawati la jinsia polisi.

*Kijana, Michenzani:* Twende pamoja kwa mshauri, si ndiyo haki? Na yeye ana makosa yake.

*Jibu:* Si sasa. Mke anayekuogopa hatosema kweli ukiwa umekaa pembeni yake, na akisema, mkirudi nyumbani atailipia. Makosa yake yana siku yake. Wewe anza na ukurasa wako.

*Baba, Konde:* Kumrudi mtoto nako kumo?

*Jibu:* Kumo. Ukimpiga mpaka anajificha ukibisha hodi, ni yale yale, fungua ukurasa mwengine. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda, na jirani anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto.