Mizani Inapogoma: Hatua za Kufuata kwa Mama Anayenyonyesha na Kufanya Mazoezi

Kina mama wanaonijia na tatizo hili hapa Mombasa husimulia habari inayofanana. Uzito ulishuka vizuri baada ya arobaini, pengine kwa kilo 6 au 7, kisha ukasimama kabisa, ilhali mama ananyonyesha kama kawaida na anatembea Mama Ngina asubuhi tano kwa wiki. Wengi wao wamekwisha kushauriwa na jamaa ama wapunguze chakula zaidi, ama waongeze mazoezi maradufu. Yote mawili niliyajaribu mimi mwenyewe nilipokuwa nikimnyonyesha mwanangu wa pili, licha ya kuwa lishe ndiyo kazi yangu, na nilichovuna ni maziwa yaliyopungua na mtoto aliyelia usiku kucha, huku mizani ikibaki palepale.

Mwongozo huu ni mpangilio ninaoutumia sasa. Naomba hatua zifuatwe kwa mfululizo, kwa kuwa ile ya kwanza mara nyingi huondoa haja ya zile zinazofuata. Mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi miwili asianze bado, kwani wakati huo maziwa ndiyo kwanza yanajipanga kulingana na mahitaji ya mtoto.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba uzito umesimama kweli

Mizani hupima kila kilichomo mwilini, maziwa na maji yakiwemo. Matiti yaliyojaa alfajiri yanaweza kuongeza gramu mia kadhaa. Mama aliyeanza mazoezi mapya huhifadhi maji katika misuli yake, kwa sababu kila gramu ya sukari inayowekwa akiba kwenye misuli huandamana na takriban gramu 3 za maji. Hedhi inaporudi, nayo huweza kuongeza kilo moja au zaidi siku chache kabla ya damu kuonekana, kisha uzito huo huondoka wenyewe.

Kwa hiyo jipime mara tatu kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na baada ya kumnyonyesha mtoto, kabla ya chai, ukiwa umevaa kanga moja na kutumia mizani ileile. Jumlisha vipimo vitatu, ugawanye kwa tatu, uandike wastani wa wiki. Kisha pima kiuno usawa wa kitovu kwa tepu ya fundi cherehani mara moja kwa wiki, na kama bado unafunga mkaja, ufungue saa kadhaa kabla ya kupima. Mkaja hulishikilia tumbo na kumpa mzazi nafuu ya mgongo, lakini hauyeyushi mafuta, na kipimo kinachochukuliwa mara tu unapofunguliwa hudanganya.

Ikiwa wastani wa uzito na kiuno havijabadilika kwa wiki nne, basi uzito umesimama. Ikiwa kiuno kinapungua huku mizani ikiwa imetulia, unapoteza mafuta na kujenga misuli, na huna haja ya kubadilisha chochote.

Hatua ya pili: Piga hesabu upya kulingana na umri wa mtoto

Hapa ndipo kina mama wengi hushangaa. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa matupu hutoa takriban mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kazi hiyo huhitaji kama kalori 500 za ziada kila siku. Mtoto anapotimiza miezi sita na kuanza uji na viazi vya kuponda, mambo hubadilika kimyakimya. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba chakula cha nyongeza kinapaswa kumpa mtoto wa miezi 6 hadi 8 kalori 200 hivi kwa siku, na wa miezi 9 hadi 11 kalori 300. Mahitaji ya mtoto pia yanakua, kwa hiyo maziwa hayapungui kwa kiasi hichohicho, lakini gharama ya mama ya kuyatengeneza inaweza kushuka kwa kalori 100 hadi 150.

Wakati huohuo mwili uliopungua kilo 7 ni mwili mdogo zaidi, na matumizi yake ya siku hupungua kwa kama kalori 100 kuliko zamani, hata katika kutembea kulekule. Jumla ya mabadiliko haya mawili ni kalori 200 hadi 250.

Sasa linganisha. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni sawa na takriban kalori 7,700. Mama aliyekuwa akipungua robo kilo kwa wiki alikuwa anatumia kalori 275 hivi zaidi ya alizokula kila siku. Ukitoa 250 katika 275, kinachobaki hakionekani kwenye mizani yoyote. Mama huyu hajafanya kosa lolote, wala hajawa mvivu. Anakula vilevile na kutembea vilevile, ila hesabu iliyompunguza mwezi wa nne si hesabu ya mwezi wa tisa. Andika basi umri wa mtoto, idadi ya mara anazonyonya kwa siku, na kilo ulizopunguza tangu ulipojifungua. Mara nyingi jibu huwa tayari limo katika mistari hiyo mitatu.

Hatua ya tatu: Andika kila unachokula kwa siku tatu

Chagua siku mbili za kazi na siku moja ya mwisho wa juma, au Ijumaa ikiwa nyumbani kwenu ndiyo siku ya biriani. Usibadilishe ulaji wako katika siku hizo, kwa sababu daftari la mama anayejifanya hodari halimsaidii yeye wala mimi. Andika papo hapo, kwa vipimo vya nyumbani: kikombe, kijiko, upawa, kiganja.

Katika madaftari ninayoyasoma, chakula chenyewe ni nadra kuwa na tatizo. Samaki, mbaazi, mchicha, kunde na mnavu ni vyakula ambavyo mama anayenyonyesha anavihitaji sana. Kinachojificha ni vitu vinavyoandamana na chakula. Vikombe vinne vya chai ya maziwa vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni vijiko kumi na viwili kwa siku, navyo hukaribia kalori 190 kabla ya kuhesabu maziwa yenyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa huweka vitatu akidhani ni kimoja. Tui zito, yaani kasimile, lina kama kalori 200 katika kila mililita 100, kwa hiyo kikombe kizima hukaribia kalori 500, ambazo ni sawa na gharama ya siku nzima ya kutengeneza maziwa. Sufuria huliwa na watu wengi, bila shaka, ila anayebakia nayo jikoni na kukwangua ukoko wenye tui ni nani, kama si mama? Vivyo hivyo kwa uji alioubakisha mtoto, viazi karai viwili vya kuonja, na kashata inayoliwa saa tisa usiku huku mtoto akinyonya. Andika hivyo vyote.

Siwaambii wateja wangu waache nazi, na yeyote anayewaambia hivyo watu wa Pwani hatasikilizwa. Ninawaomba mchuzi upikwe kwa tui jepesi, kisha kasimile iongezwe mwishoni kwa kijiko badala ya kikombe, na siku ya wali wa nazi mboga zisiwe tena za nazi. Nusu ya sukari ya chai huondolewa kwa wiki mbili bila ulimi kulalamika sana.

Uji wa pilipili manga wenye samli unastahili neno lake. Mavyaa wangu aliamini, na bado anaamini, kwamba maziwa hayatoki bila bakuli mbili za uji huo kila siku. Sikubishana naye, niliomba tu samli iwekwe kando nijitilie mwenyewe kijiko kimoja. Kinachoyaleta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kumwagwa vizuri, pamoja na mama kula na kunywa maji ya kutosha, wala samli ya ziada haiongezi chochote isipokuwa samli.

Hatua ya nne: Punguza kidogo, na umchunge mtoto

Lengo ni kurudisha zile kalori 200 hadi 250 zilizopotea katika hesabu, basi. Nusu ya sukari ya chai, kijiko kimoja cha mafuta na hamri moja la asubuhi hutosha kufikia kiasi hicho. Mama anayenyonyesha asishuke chini ya takriban kalori 1,800 kwa siku, na asitafute kupungua zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Badilisha jambo moja, ulishike kwa wiki mbili, ndipo uguse jingine.

Hakikisha kila mlo una protini, kwa kuwa hiyo hushibisha na kulinda misuli: kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, mayai mawili, au bakuli la mbaazi au maharagwe. Wanga usiuache. Kuacha wanga kabisa wakati wa kunyonyesha kumewahi kuwafanya baadhi ya kina mama damu yao ijae asidi, hali ambayo ni nadra lakini ni ya hatari. Kichefuchefu, kutapika, kupumua haraka na udhaifu usio wa kawaida kwa mama anayekula hivyo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Chai za kupunguza unene nazo ziacheni dukani. Nyingi huharisha tu, na kinachotoka ni maji. Anayeamua kufunga Ramadhani, ingawa dini imempa ruhusa ya kuahirisha, asiufanye mwezi huo kuwa wa kupunguza uzito.

Wakati wote huo, kipimo cha juu zaidi ni mtoto. Akikojoa chini ya mara sita kwa siku, au mstari wa uzito katika kijitabu chake cha kliniki ukilala badala ya kupanda, rudisha chakula ulichopunguza mara moja na umpeleke akaangaliwe.

Hatua ya tano: Badilisha mazoezi, usiyarefushe

Matembezi ya haraka ya nusu saa hutumia takriban kalori 120 hadi 150, ambazo hamri moja linaweza kuzirudisha zote. Kwa sababu hiyo sipendekezi kutoka nusu saa hadi saa moja na nusu. Mama atachoka, atakaa siku nzima, na atakula zaidi. Dakika 150 za mwendo kwa wiki zinatosha. Unachokosa huenda ni mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki, dakika 20: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta kwa mikono, na kuinua jerikeni ya lita 5 iliyojazwa maji, ambayo ina uzito wa kilo 5 hivi.

Kabla ya hapo, lala chali ukiwa umekunja magoti, inua kichwa kidogo, na ubonyeze kwa vidole juu na chini ya kitovu. Ukikuta mwanya unaozidi upana wa vidole viwili, au tumbo likichomoza kama tuta, acha mazoezi ya kuinua kiwiliwili na umwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, kwa raha yako mwenyewe. Mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Rudi kabla ya saa mbili asubuhi, hasa Februari na Machi joto linapokuwa kali. Wanaopenda ufukwe wa Pirates watembee maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu, kwani mchanga laini huumiza vifundo vya miguu.

Hatua ya sita: Lala

Mama anayelala vipande vipande huwa na njaa zaidi na hutamani vitamu zaidi. Saa moja ya kulala mchana, mtu mwingine akimshika mtoto, ina faida kuliko matembezi ya pili ya siku.

Hatua ya saba: Kapimwe

Ikiwa wiki nane zimepita tangu uanze hatua ya nne na hakuna kilichobadilika, usiendelee kujilaumu wala kupunguza chakula. Tezi ya shingo inaweza kudhoofika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ikaleta uchovu, baridi isiyoeleweka, kukauka kwa ngozi na uzito usioshuka, na hugunduliwa kwa kipimo cha kawaida cha damu. Omba pia wingi wa damu upimwe. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito kwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na hilo lijadiliwe na muuguzi kabla ya kuiacha. Huzuni isiyoondoka nayo isifichwe kwa kisingizio cha uzito. Uendapo, beba daftari la siku tatu, wastani wa uzito wa kila wiki, vipimo vya kiuno na kijitabu cha mtoto, ili daktari asianze kwa kukuambia upunguze kula.