Kuhamisha gia ya usukani kuipeleka chini: nilivyofanya kwenye Chevrolet C10 ya 1967

Mpwa wangu alipofika Houston kutoka Dar, nilimpa ufunguo wa pikapu anisogezee nyuma ya nyumba. Dakika tano baadaye akanipigia simu, na wala hayuko mbali, namwona dirishani. "Mjomba, gari lako halina gia." Alikuwa ameushika mkono wa gia, ule ulio kwenye nguzo ya usukani, muda wote akidhani ni waipa. Rivasi unavuta kwako unapandisha, namba moja unavuta kwako unashusha, mbili unasukuma upande wa dashibodi unapandisha, tatu unashusha moja kwa moja. Kijana aliyekulia kwenye Noah ya otomatiki angeyajulia wapi hayo?

Mimi gia ya usukani siionei aibu. Gereji niliyojifunzia kazi Tanga ilikuwa inakula kwa Peugeot 404, gari lile lile ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967, na gia zake zipo usukanini. Niliihamishia sakafuni kwa sababu moja tu: kukwama.

Giaboksi ya gia tatu ina mikono miwili ubavuni. Wa nyuma ni wa namba moja na rivasi, wa mbele ni wa mbili na tatu. Kila mmoja unavutwa na rodi yake inayotoka kwenye mkono mwenzake chini ya nguzo ya usukani. Bushi za rodi zikilika, ukitoka moja kwenda mbili mkono wa kwanza haurudi nyutro sawasawa, wa pili nao umeshaanza kutembea, basi vinafungana. Hapo hutoki mpaka ushuke, ufungue boneti, uingize mkono pale chini ya nguzo na kuisukuma ile mikono kwa vidole mpaka ikae sawa. Nimefanya hivyo kwenye taa za barabarani mchana wa Agosti, nyuma yangu honi mtindo mmoja.

Kwa hiyo kabla ya yote, nunua bushi mpya. Ni hela ya chakula cha mchana. Zikitibu, funga boneti uendelee na maisha. Kwangu hazikutibu, maana nguzo yenyewe ilikuwa imelika ndani.

Kama bado unataka kuhamisha, ijue kwanza giaboksi uliyonayo, kwa sababu shifta (kile kifaa chenye fimbo ya gia ya sakafuni) na rodi zake huuzwa kwa aina ya giaboksi, si kwa jina la gari. Yangu ni ya aina ya Saginaw, nami nikachukua shifta ya gia tatu ya kampuni ya Hurst. Lala chini uangalie mkia wa giaboksi. Nyingi zilizotoka kiwandani na gia ya usukani hazina matundu ya bolti za kufungia shifta, hivyo utahitaji kishikizo cha ziada kinachofungwa pale mkia unapokalia raba yake. Lakini hata iweje, shifta isifungwe kwenye bati la sakafu. Injini hujipinda kwenye raba zake ukikanyaga mafuta. Shifta ikiwa imeshikwa na bodi, rodi zitavutwa na gia itachomoka yenyewe njiani. Lazima icheze pamoja na giaboksi.

Sasa kiti. Hapa ndipo nilipoharibu. Niling'oa kiti ili nifanye kazi kwa nafasi, nikapima, nikakata. Kukirudisha, nikitia namba moja fimbo inagonga kiti kabla gia haijaingia, na tatu hivyo hivyo, kwa kuwa zote mbili zinarudi nyuma. Ilibidi nichomelee kiraka na kuanza upya. Wewe pima kiti kikiwa mahali pake na dereva mnene kuliko wote nyumbani amekikalia. Kiti cha benchi karibu kila mara kinadai fimbo iliyopinda kuelekea mbele.

Shifta ikishafungwa kwenye giaboksi, ingia chini na drili, toboa tundu dogo la kwenda juu, katikati ya pale fimbo itakapotokea. Rudi ndani, kata boksi la karatasi ngumu kama kielelezo, lizungushe kwenye lile tundu mpaka uridhike, kisha uchore kwenye bati.

Kabla hujashika grainda, geuka utazame nyuma ya kiti. C10 za 1967 hadi 1972 zina tangi la petroli ndani ya kabini! Cheche na mvuke wa petroli chumba kimoja. Hata hilo tundu dogo la drili mimi nililitoboa tangi likiwa limeshatolewa nje kabisa, mbali, limezibwa. Na bado bati nililikata kwa mkasi wa bati, si grainda. Anza na tundu dogo, tia fimbo kwenye gia zote, panua pale inapogusa tu. Acha nafasi ya kidole kuzunguka, kwa sababu fimbo itatikisika na injini.

Rodi ndizo zinazotaka utulivu. Weka mikono yote miwili ya giaboksi nyutro. Shifta nayo iweke nyutro, kisha pitisha pini ya robo inchi kwenye tundu lake la kupimia. Mimi nilitumia kitako cha keekee ya robo inchi. Sasa refusha au fupisha kila rodi mpaka iingie kwenye bushi yake yenyewe, bila kusukumwa. Ukilazimika kuibonyeza hata kidogo, haijakaa. Kaza nati, chomoa pini, jaribu gia zote. Halafu bolti mbili za kikomo kwenye shifta, zinazozuia fimbo isipitilize: zilegeze, tia tatu uishikilie, kaza bolti husika mpaka iguse, irudishe mzunguko mmoja, funga nati. Fanya hivyo na bolti ya pili, ukiwa umetia namba mbili. Ukizipuuza, kila ukitia gia kwa hasira unapiga uma za ndani ya giaboksi, zile zinazosogeza gia. Hakikisha pia rodi hazigusi bomba la moshi wala mikono ya klachi.

Juu kwenye usukani hakuna kazi kubwa. Piga pini ya mkono wa zamani itoke, ziba tundu, zitoe rodi za chini ya nguzo. Kama swichi ya taa za rivasi ilikuwa kwenye nguzo, tafuta ya kufunga kwenye shifta. Na magari ya General Motors ya 1969 kuja juu yenye ufunguo kwenye nguzo ya usukani ni habari nyingine: kuna rodi inayounganisha gia na kufuli ya usukani, usiitoe kienyeji.

Jaribu kwanza gari likiwa juu ya stendi, klachi imekanyagwa, gia moja baada ya nyingine. Kisha endesha kilomita 100 hivi, urudi chini na spana. Mimi nati ya rodi ya mbili na tatu niliikuta imelegea robo mzunguko.