Somo: Kutambua kifaa kwa anwani yake ya Bluetooth

Washa Bluetooth katikati ya maduka ya spika Kariakoo uone: orodha ndefu, vifaa vingine havina jina, vingine majina yanafanana. Kinachovitofautisha ni anwani, jozi sita za tarakimu na herufi A hadi F.

Hatua ya 1. Kwenye Android weka programu ya nRF Connect, kisha tafuta vifaa. Sogeza simu karibu na kifaa chako, angalia nguvu ya mawimbi: -40 dBm kipo jirani, -90 kipo mbali. Kizime, uone ni kipi kinapotea kwenye orodha. Msiiruke hatua hii, ndiyo ya uhakika kuliko zote.

Hatua ya 2. Chukua jozi tatu za mwanzo, uzitafute kwenye rejesta ya IEEE, shirika linalowagawia watengenezaji jozi hizo, ni bure. B8:27:EB, kwa mfano, ni ya Raspberry Pi Foundation.

Hatua ya 3. Rejesta isipokupa jibu, huenda anwani ni ya nasibu. Vifaa vya Bluetooth ya nishati kidogo vinaruhusiwa kujitungia anwani, na hapo jozi za mwanzo hazimtaji mtengenezaji yeyote. Ikianza na C, D, E au F, kwa kawaida haibadiliki mpaka kifaa kizimwe na kuwashwa. Ikianza na 4 hadi 7, ni ya faragha, na mara nyingi hubadilika kila baada ya dakika 15 hivi. Lakini anwani za kudumu nazo zinaweza kuanza na tarakimu hizohizo, kwa hiyo rejesta kwanza.

Hatua ya 4. Kwenye nRF Connect fungua tangazo la kifaa, yaani taarifa fupi kinazorusha hewani kujitambulisha, soma namba ya kampuni: 0x004C ni Apple, 0x0075 ni Samsung.

MASWALI

Mkuu, earphone zimeandikwa jina kubwa, rejesta inaleta kampuni nisiyoijua. Ni feki?
Si lazima, ndugu yangu. Anwani inaweza kuwa ya aliyetengeneza chipu au moduli ya ndani. Usigombane na muuzaji kwa ushahidi huo peke yake.

Natumia iPhone, anwani sizioni.
iOS inazificha, programu inapewa kitambulisho kingine badala yake. Azima Android.

Nimeibiwa simu kwenye daladala, naweza kuifuatilia kwa anwani hii?
Pole sana dada. Hapana, mawimbi yake hayafiki mbali, na anwani inayotangazwa hubadilika. Tumia huduma ya kutafuta simu ya akaunti yako, uripoti polisi ukiwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako.